Mchafu, Koge

Mchafukoge ni kata ndogo katikati ya Dar es Salaam, ubavuni mwa Kariakoo. Ukilisoma jina lake polepole, ni amri: mchafu, koge. Nilikuwa nimepita humo mara nyingi mno bila kulisikia hivyo, mpaka nilipopanda daladala na brashi ya hewa iliyoziba ndani ya mfuko wa nailoni, nikielekea kwa mjomba kuomba msaada.

Nilikuwa nimeinunua Kariakoo, kwenye duka linalouza vifaa vya kucha na vya kupambia keki. Wauzaji huiita eabrashi. Mimi niliitaka kwa ajili ya kibasi cha plastiki cha urefu wa kiganja, mfano wa yale mabasi marefu ya Ikarus ya UDA ambayo wazazi wetu waliyaita kumbakumba. Siku ya kwanza rangi ilitoka kama pumzi. Siku ya nne ilitoka kwa kukohoa, matone matone. Siku ya saba haikutoka kabisa.

Mjomba amepiga rangi za magari kwenye gereji za Gerezani kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nilimwamkia, akaitikia, akaikunjua ile brashi mkononi kama mtu anayepokea ndege mgonjwa. Swali lake lilikuwa moja tu: “Uliiosha na nini?”

Nikasema maji. Akacheka hadi akakohoa.

Kifaa chenyewe kina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1876 Mmarekani Francis Edgar Stanley alipata hataza ya kifaa cha kupulizia rangi, kwa kazi ya kupaka rangi picha. Baadaye yeye na pacha wake walipata jina kwa magari ya mvuke, na historia ikakisahau kipulizio chao. Mwaka 1879 Abner Peeler wa Iowa akatengeneza chake. Inasimuliwa kwamba alikiunga kwa vipande vya karakana, kikiwemo kijiko kikuukuu. Liberty Walkup akainunua haki ya Peeler, akaiboresha na kuiuza. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Charles Burdick akabuni brashi ambayo ndiyo mama wa hii ya kwangu: umbo la kalamu, sindano ikipita katikati, rangi na hewa vikikutana mdomoni. Burdick alihamia Uingereza akafungua kiwanda huko.

Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa picha. Wateja wa studio walitaka mashavu laini na mandhari safi nyuma yao, na brashi ya hewa ilifuta kovu, ikafuta ukuta, ikafuta mtu aliyekosana na mwenye picha. Huko Toledo, Ohio, daktari Allen DeVilbiss alikuwa ametengeneza kipulizio cha dawa ya koo, na mwanawe Thomas akalichukua wazo lilelile akalifanya bunduki ya kupulizia rangi. Napenda sana ukoo huu: kifaa cha kutibu koo kikazaa kifaa kilichoharibu makoo mengi. Katika miaka ya 1920, rangi za kukauka haraka kama Duco zilipoingia kwenye viwanda vya magari, bunduki hiyo ikawa haikwepeki. Gari lililosubiri wiki kadhaa likauke sasa lilikamilika kwa muda mfupi mno.

Kwa hiyo brashi yangu na bunduki ya mjomba ni ndugu. Tofauti ni tundu. La kwake linapitisha rangi ya kuosha boneti nzima. Langu ni la nusu milimita au chini ya hapo, na sindano imekaa ndani yake kama kizibo. Ukivuta kifyatulio, sindano inarudi nyuma, hewa inapita kwa kasi na kuinyonya rangi, inaivunja kuwa ukungu. Chembe moja ya rangi kavu kwenye ncha inatosha kuharibu kila kitu. Waliolelewa na jiko la pampu wanalijua jambo hili: lile tundu dogo la mafuta, na ile pini nyembamba ambayo mama hakuruhusu mtoto aichezee.

Vitabu huandika majina ya waliobuni. Aliyeosha haandikwi. Kwenye gereji, mwanafunzi haanzi kwa kupuliza. Anaanza kwa msasa, na jioni anaosha bunduki. Mjomba aliosha za wenzake kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika ya kwake. Tina ilikuwa ghali na ilikuwa ya fundi. Mwanafunzi alipewa petroli kwenye kopo, akazamisha mikono mitupu hadi kwenye vifundo.

Hapo ndipo habari inaponigusa. Petroli ya miaka ile ilikuwa na risasi, na namna ya risasi iliyotiwa kwenye petroli hupenya ngozi. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Mjomba alianza kuosha bunduki miaka kumi kabla ya 2006. Baadaye zikaja rangi za kuchanganywa na kigumishi, zenye kemikali ambazo ni chanzo kinachojulikana cha pumu kwa wapiga rangi. Kinga yake ilikuwa kitambaa kilichofungwa puani. Kikohozi chake hakina cheti kinachosema kilitoka wapi. Yeye mwenyewe husema ni vumbi la mji.

Mji huu una mazoea ya zamani ya kuamua nani ni mchafu. Waingereza, katika miaka ya 1920, waliugawa katika kanda: ya Wazungu, ya biashara ambako Wahindi walijaa, na ya Waafrika, Kariakoo. Katikati waliacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja, kwa hoja za afya. Uchafu ulifikiriwa kuwa unavuka barabara kwa miguu, kutoka upande mmoja tu.

Mjomba alinionyesha. Mwaga rangi iliyobaki. Tia kimiminika kinachoendana na rangi yako: maji na sabuni kidogo kwa akriliki iliyo mbichi, tina kwa ya mafuta. Ziba pua kwa kitambaa, bonyeza hewa taratibu, ichemke mapovu ndani ya kikombe. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Legeza kokwa ya nyuma, chomoa sindano, ifute kuelekea ncha, kamwe si kinyume, maana ncha ikipinda umeipoteza. Usiilaze brashi nzima ndani ya tina usiku kucha. Mipira midogo ya ndani itavimba. Na kompresa, akasema, ifungue chini kila siku uitoe maji, maana hewa ya Dar inakuja na bahari yake.

Nilikuwa nimenunua glovu za bluu, boksi zima. Nikampa jozi. Akazivaa kwa shida, vidole vyake ni vinene, akavikunja na kuvikunjua. Kisha akatia tone la rangi nyekundu, akatandika ukurasa wa gazeti la juzi mezani, akapuliza. Mstari ulitoka mwembamba kama wino wa kalamu.

“Rangi ya UDA ilikuwa ipi?” akaniuliza. Tukaanza kubishana.