Mokoto: baraji iliyojengwa na volkano

Maziwa manne ya Mokoto, katika chefferie ya Bashali, territoire ya Masisi, yalizaliwa zamani wakati lava ilifunga njia ya maji mabondeni. Ni kama baraji, lakini hakuna muinjinia aliyeijenga wala mlango wa kupunguza maji. Karibu yake kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1954.

Tarehe 9 mwezi wa tano 2018, huko Solai, Kenya, baraji ya udongo ilipasuka usiku kisha mvua nyingi. Zaidi ya watu 40 walikufa. Lava ni ngumu kupita udongo, lakini mulima ukikatwa miti, udongo unashuka ziwani. Wakaaji waache miti kando ya maji. Mtoto asioge peke yake, na kwenye mutumbwi kila mutu avae jile.