Kupika, kusogeza, kujiuzia

Mhasibu akichezea vitabu tunasema amepika hesabu, kama zinavyopikwa takwimu na majungu. Neno tamu, ila linaficha ufundi wenyewe. Faida nyingi za kutiliwa shaka hazikupikwa, zilisogezwa. Mauzo ya Januari yanaandikwa Desemba, fungu la madeni yasiyolipika linapunguzwa, matengenezo yanangoja mwakani. Mengine hata sheria haiyakatazi. Lakini faida iliyoazimwa kwa mwaka ujao hudaiwa mwaka huohuo ukifika, na meneja aliyekwishazoea husogeza tena, safari hii kiasi kikubwa zaidi.

Kampuni ya Enron ya Marekani haikuishia hapo. Mwaka 1999 mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow, alianzisha ubia wa LJM, ukawa unanunua mali za Enron hiyohiyo. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kujiuzia. Silabi moja tu, -ji-, inaeleza kwamba bei haikuwa na wa kuibishia. Fastow alijipatia zaidi ya dola milioni 30. Novemba 2001 kampuni ilipunguza faida ilizotangaza tangu 1997 kwa takriban dola milioni 586. Tarehe 2 Desemba ikaomba kinga ya mufilisi. Hisa iliyofika dola 90 mwaka uliotangulia ilikuwa haifiki dola moja.

Magazeti yetu hupenda kuandika “mgongano wa maslahi”. Upole mno huo. Aliyejiuzia hakugongana na mtu yeyote. Njia nzima ilikuwa yake.