Manila, Mei 2000: Mtuhumiwa Alipatikana, Sheria Ikakosekana

Kila mwaka ninapofundisha historia ya uhalifu wa mtandao, huanzia Manila. Wanafunzi wangu hushangaa, kwa kuwa wamezoea kuamini kwamba polisi wa mataifa huwakosa wahalifu wa kompyuta kwa uhaba wa vifaa na utaalamu. Kisa hiki chasema vingine.

Tarehe 4 Mei 2000, baruapepe yenye kichwa cha Kiingereza "ILOVEYOU", yaani nakupenda, ilianza kusambaa kutoka Ufilipino. Aliyefungua kiambatisho chake alikifungulia mlango kirusi kilichoharibu mafaili, kikatafuta nywila, kisha kikajituma kwa kila mtu aliyekuwamo katika orodha yake ya anwani. Barua ilionekana kutoka kwa mtu unayemfahamu. Na ni nani asiyetamani kusoma barua ya mapenzi? Bunge la Uingereza lililazimika kuzima mfumo wake wa baruapepe. Mamilioni ya kompyuta yaliathirika.

Upelelezi haukuchelewa. FBI ya Marekani ilishirikiana na wapelelezi wa Ufilipino, na baada ya siku chache nyayo ziliwafikisha kwa Onel de Guzman, mwanafunzi wa kompyuta ambaye chuo chake kilikuwa kimekataa pendekezo lake la utafiti kuhusu programu ya kuiba nywila. (Nami nimekataa mapendekezo mengi, lakini hakuna hata moja lililonitisha kiasi hicho.)

Kesi ilikwama hapo. Ufilipino haikuwa na sheria iliyolifanya tendo lile kuwa jinai. Waendesha mashtaka walijaribu sheria ya 1998 iliyolenga matumizi mabaya ya kadi za mikopo, haikufaa. Juni 2000 sheria mpya ilitiwa saini, lakini sheria ya jinai hairudi nyuma. Agosti mashtaka yakafutwa. Marekani nayo haikuwa na njia ya kumdai, maana kwa kawaida mtuhumiwa hukabidhiwa nchi nyingine pale tu tendo lake linapokuwa kosa katika nchi zote mbili. Miaka ishirini baadaye, de Guzman alimkiria mwandishi wa habari kwamba kirusi kile kilikuwa kazi yake.

Mkataba wa Budapest, ambao Baraza la Ulaya lilikuwa tayari likiuandaa, ulifunguliwa kutiwa saini Novemba 2001. Umoja wa Afrika ulipitisha wake huko Malabo mwaka 2014, nao ukangoja hadi 2023 kuanza kutumika. Sheria zilipofanana, kazi iliwezekana: Januari 2021, vyombo vya dola vya nchi nane viliteka kwa pamoja seva za genge la Emotet, lililokuwa likiwauzia wahalifu wengine njia ya kuingilia kompyuta za watu.

Hata hivyo, ukuta uliomwokoa de Guzman huwakinga na watu wengine. Sheria yetu ya Tanzania ya makosa ya mtandao ya 2015 inamkamata mwizi wa data, lakini pia inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo, na wapo raia walioshtakiwa chini yake kwa maneno waliyoandika mtandaoni. Mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Desemba 2024 na kufunguliwa kutiwa saini Hanoi Oktoba 2025, unaziwezesha nchi kusaidiana kukusanya ushahidi wa kielektroniki kwa kila kosa kubwa, yaani lile ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka minne au zaidi. Kiwango hicho cha adhabu kila serikali hujipangia yenyewe. Nchi ikiamua kwamba kuandika ni kosa la miaka minne, inaweza kuomba data za mwandishi aliyekimbilia ng'ambo kwa fomu ileile inayoombea za tapeli.

Mkataba unaruhusu kukataa ombi linalolenga kumwadhibu mtu kwa maoni yake ya kisiasa. Atakayelisoma ombi hilo na kuamua ni ofisa mmoja katika wizara fulani, pengine mmoja wa mliokaa darasani kwangu.