Ufikiaji wa Mbali

Tuseme mhasibu wa hoteli moja ya Bagamoyo anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa fundi wa mfumo. Anaelekezwa apakue programu ndogo, asome namba zilizojitokeza kwenye skrini, kisha abonyeze kukubali. Mara kishale kinaanza kutembea chenyewe.

Kitendo hicho ndicho kinachoitwa ufikiaji wa mbali: mtu kuitumia kompyuta iliyo pengine, kupitia mtandao, kana kwamba ameketi mbele yake. Programu za kazi hiyo, kama AnyDesk na TeamViewer, ni halali kabisa. Mafundi huokoa nauli kwa kuzitumia.

Istilahi hiyo naikubali, ila nina neno nayo. Ufikiaji umebebeshwa mambo matatu: kuweza kufika, kuingia na kuendesha. Kwa fundi hayo ni mamoja. Kwa mpelelezi sivyo, hasa baada ya Sheria Na. 1 ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamwadhibu anayeingia kwenye mfumo kinyume cha sheria: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya alichofaidi, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtuhumiwa wetu atasema alikaribishwa, na mhasibu kweli alibonyeza. Ndiyo maana kifungu cha 5, cha kubaki ndani ya mfumo baada ya muda wa ruhusa kwisha, na cha 12, cha udanganyifu kwa kompyuta, vina uzito hapa. Kuliita tukio hili udukuzi, kama magazeti yanavyopenda, ni kumpoteza msomaji, maana mlango umefunguliwa na mwenyewe.

Ugumu mwingine ni wa kukamata. Polisi wa mwambao huu, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Mlingotini, wanazijua bandari bubu. Mwenye magendo atakwepa doria usiku kucha, lakini mwisho jahazi lazima liguse mchanga, na hapo mtu na mzigo hukamatwa pamoja. Ufikiaji wa mbali huvitenganisha: kompyuta iko Bagamoyo, mkono uko mji mwingine, fedha zilizoibwa zimekwisha kupita laini ya simu ya mtu wa tatu. Kwenye karatasi mipaka si tatizo kubwa, kwani sheria ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu cha 30 kinazipa mahakama zetu mamlaka hata kosa likitendeka hapa kwa sehemu tu. Lakini mamlaka hayo hayamlazimishi polisi wa nchi nyingine kugonga mlango wa mtu. Februari 2016 wezi waliokuwa ndani ya mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh waliagiza fedha zake zilizokuwa New York, na dola milioni 81 zikaishia Manila. Nchi tatu, wizi mmoja.

Hata ndani ya nchi, anwani ya IP haimtaji mtu. Wateja wengi wa simu huchangia anwani moja kwa wakati mmoja, hivyo mpelelezi akimwendea mtoa huduma bila saa kamili, dakika na sekunde, na namba ya mlango wa mawasiliano (port), atarudi na orodha ndefu. Kumbukumbu zenyewe nazo hufutwa baada ya muda.

Na kuna fundi wa mtaani. Aliyeibiwa hukimbilia kwake kwanza, apigiwe Windows upya ili "virusi" vitoke, na pamoja navyo hutoka alama nyingi za mgeni. Afadhali mashine ichomolewe mtandaoni, isifutwe chochote, namba ya tapeli itumwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha mwenyewe aende kituoni na maelezo yanayosema nani alipiga, saa ngapi, aliruhusiwa kufanya nini, na alifanya nini zaidi ya hapo.