Chunya: Mji wa Dhahabu na Mabaki Yake

Mji wa Chunya, yapata kilomita 70 kaskazini mwa Mbeya, ulizaliwa na dhahabu ya mto Lupa, na nusura ufe pamoja nayo. Dhahabu ya mchangani ilianza kuchotwa katika vijito vya Lupa mapema katika miaka ya 1920. Mbeya yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1927, ilikua ikiwa kituo cha kuhudumia machimbo hayo.

Bei ndiyo iliyoleta watu kwa wingi. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kufungamanisha sarafu yake na dhahabu, na wakia moja iliyokuwa ikiuzwa paundi 4 na shilingi 5 hivi ilifika paundi 8 na shilingi 8 mwaka 1939. Miaka hiyohiyo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei ya kahawa na ya mkonge. Walowezi waliofilisika wakaelekea Lupa, na vibarua waliokosa kazi mashambani wakafuata.

Mzigo mkubwa wa machimbo ulibebwa na Waafrika. Vijana wa Kinyakyusa walivuka milima kutoka Rungwe kwenda kuchimba na kuosha mchanga, wakarudi na fedha za kodi na za ng'ombe wa mahari. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walizikuta safari hizo zikiwa tayari sehemu ya maisha ya vijiji. Mchele wa Kyela nao ukapata soko machimboni. Vifaa vizito vilifuata njia ndefu: kwa reli hadi Dodoma, kisha kwa malori kupitia Iringa hadi Mbeya, na kutoka hapo kupanda tena safu ya milima kuelekea Chunya. Baada ya safari ya zaidi ya kilomita 500 katika barabara ya vumbi, nondo moja ilikuwa mali, na thamani hiyo haikuisha mgodi ulipofungwa.

Dhahabu ya mchangani ilipopungua, kazi ilihamia kwenye miamba. Mgodi wa Saza, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya Lupa, ulianza uzalishaji mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1956. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gharama zilikuwa zikipanda, lakini bei ya dhahabu ilibaki imefungwa kwenye dola 35 kwa wakia. Wachimbaji wa Kizungu waliondoka, maduka yakafungwa, nyumba za matofali zikaanza kupoteza mapaa.

Hali hii hulinganishwa kwa urahisi na miji ya enzi za Kisovieti iliyohamwa. Kadykchan, mji wa makaa ya mawe katika Mashariki ya Mbali ya Urusi, ulihamwa baada ya mlipuko wa mgodini mwaka 1996. Pyramiden, mji wa Warusi katika visiwa vya Svalbard, ulifungwa mwaka 1998, na sanamu ya Lenin imebaki uwanjani ikitazama majengo matupu. Huko baridi na umbali vimehifadhi vitu mahali pake, kwa kuwa hapakubaki majirani wa kuvihitaji. Lupa majirani hawakuondoka. Katika nyanda hizi, ambako Wakinga walijulikana kwa kufua majembe ya chuma tangu kabla ya ukoloni, springi ya gari bovu ni panga ambalo halijafuliwa tu, na bati la ofisi ya mkoloni huishia kuwa paa la jiko. Leo chuma chakavu hupimwa kwa kilo na kupakiwa kwenye malori. Ndiyo maana magofu ya Lupa yana kuta nyingi kuliko mitambo.

Mabaki yenye thamani kubwa zaidi hayakuwa ya chuma. Mitambo ya zamani ilisaga mwamba na kunasa dhahabu kwa zebaki, lakini chembe laini zilipita na kutupwa pamoja na mchanga. Wachimbaji wadogo huuita mchanga huo marudio. Huuchimba upya, huujaza kwenye matangi na kuuloweka kwa sianaidi inayoyeyusha dhahabu. Kisha makaa maalumu huinasa dhahabu hiyo kutoka kwenye maji. Lundo ambalo babu alilipwa ujira mdogo kulimwaga, mjukuu hulilipia ili alichenjue.

Migodi nayo imerudi. New Luika, uliomo katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Songwe, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2012, na soko la madini lilifunguliwa Chunya mwaka 2019. Nyumba mpya zimeota kando ya kuta za zamani.

Zebaki bado inatumika, na hapa ndipo urithi wa Lupa unapouma. Haina mnunuzi wa chakavu. Mchimbaji anayechoma mchanganyiko wake na dhahabu huvuta mvuke wenye sumu, na sehemu nyingine huingia kwenye udongo na vijito, juu ya ile iliyomwagwa na vizazi vilivyotangulia. Maji ya Lupa hutiririka hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka.