Tembe la Kwihara na Mlango Wake

Milango ya nakshi ambayo mabibi harusi wetu huipitia iko hata bara. Upo mmoja Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe la wafanyabiashara Waarabu lililolaza wageni wa misafara. Februari 1872 Livingstone na Stanley walifika hapo kutoka Ujiji, wakipitia Ukawendi, Katavi ya leo. Livingstone akabaki hadi Agosti.

Tembe ni kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, na vyumba vinavyozunguka ua. Stara kama kwetu, mashaallah!

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo kama haya, lakini sheria haikandiki paa. Udongo usipokandikwa upya kabla ya mvua, huvuja. Saruji ni rahisi. Sisi tungemwita fundi wa udongo.