Chombo Kipya na Chombo Kikuukuu

Msomaji, yamkini nyumbani kwenu swali hili limekwisha ulizwa, na kama halijaulizwa litaulizwa kesho: chombo kipya kimetoka, je, tukiache hiki cha zamani tununue kile? Leo swali lahusu simu; jana lilihusu televisheni; na katika siku za babu zetu lilihusu redio. Aghalabu watu hulijibu kwa macho, kwa sababu chombo kipya hung'aa, au hulijibu kwa aibu, kwa sababu jirani amekwisha nunua. Lakini waliotutangulia waliulizwa swali hilo hilo mara nyingi, nasi twajua yaliyowapata. Tena si swali dogo. Katika nyumba yenye fedha haba, bei ya simu mpya ni karo ya muhula, au ni mabati ya kuezekea jiko.

Na tuanze na redio, maana habari zake zatosha kupimwa tangu mwanzo. Utangazaji katika Kenya ulianza Nairobi mwaka 1928, na ulikusudiwa walowezi wa Kizungu. Redio za siku zile zilikuwa masanduku ya mbao, na ndani yake mlikuwa na vali, yaani vichupa vya kioo vilivyofanana na globu za taa. Kila vali ilikuwa na uzi wa madini uliopaswa kupashwa moto kwanza ndipo kazi ianze. Basi mwenye redio aliiwasha akangoja, na sauti ilikuja uzi ulipopata moto. Moto huo ulikula nguvu nyingi za umeme. Mtu wa mjini, mwenye nyaya za umeme ukutani, hakujali. Bali mtu wa shamba alihitaji betri kubwa, nzito na ghali, nayo ilipokwisha redio yake ilikuwa sanduku tu.

Mtu mmoja aliyeliona jambo hili vizuri ni Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Kiafrika, lakini wasikilizaji hawakuwa na redio za kukisikilizia. Franklin akaliomba shirika la Ever Ready la Uingereza litengeneze redio ndogo ya bei nafuu, itakayotumia betri na kustahimili joto na vumbi. Na mwaka 1949 ikatokea redio yenye umbo la sufuria, kwa kuwa gamba lake lilifanywa kwa bati la alumini la kufanyia sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Watu walicheka umbo lake, kisha wakainunua kwa maelfu. Ndani yake hamkuwa na uvumbuzi wowote mkubwa, kwani vali zilikuwa zile zile za zamani. Ubora wake ulikuwa huu tu: aliyeitengeneza aliuliza kwanza mnunuzi anaishi wapi na ana nini mfukoni.

Wakati huo huo, Marekani, uvumbuzi mkubwa ulikuwa umekwisha patikana. Mnamo Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi lililoongozwa na William Shockley, walifanikiwa kukifanya kijipande cha madini yaitwayo jemanium kifanye kazi ya vali bila kioo wala uzi wa moto. Kitu hicho kikaitwa transista. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Hata hivyo, tangu siku ile ya maabara mpaka redio ya transista kufika dukani ilipita karibu miaka saba. Redio ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa umma, iliyoitwa Regency TR-1, ilitangazwa Oktoba 1954 kwa bei ya dola 49 na senti 95. Ilikuwa na transista nne, ikaingia mfukoni, na watu wakaistaajabia.

Hapa, msomaji, simama kidogo ujiulize: je, aliyeinunua redio ile mwaka 1954 alifanya vyema? Wanafunzi wangu hujibu upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa alikuwa wa kwanza. Mimi sina hakika. Kipaza sauti chake kilikuwa kidogo mno, na sauti yake haikufikia ile ya sanduku la mbao lililokaa mezani. Betri yake ilikuwa ya namna ya pekee, ya volti 22 na nusu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1957, kampuni ya Kijapani ambayo sote twaijua kwa jina la Sony ilileta redio yake TR-63, iliyokuwa na transista sita, ikatumia betri ya volti 9, nayo iliuzwa Marekani kwa dola 39 na senti 95. Aliyengoja alipata kilicho bora kwa fedha chache. Na waliongoja zaidi walipata nafuu zaidi, kwani katika miaka ya 1960 redio za transista zilienea Afrika Mashariki, zikafika hata mahali ambapo hapakuwa na barabara nzuri, sembuse umeme.

Kwa mtu wa shamba, basi, kuihama redio ya vali kulikuwa na maana kubwa. Transista haikumpa sauti iliyo bora, ilimwondolea mzigo. Betri kubwa ya ghali iliondoka, na mahali pake pakaja mawe madogo yaliyouzwa hata katika duka la kijijini. Vioo vya kuvunjika njiani havikuwamo tena. Redio ilikwenda malishoni na kisimani. Lakini mtu wa mjini, mwenye redio ya mbao nzima iliyochomekwa ukutani, alipungukiwa nini kama aliiacha ikae pale pale? Sioni. Chombo kimoja, mwaka mmoja, kilikuwa lazima kwa nyumba hii na anasa kwa nyumba ile. Kwa sababu hiyo sipendi kusikia watu wakiuliza kama chombo fulani ni kizuri, bila kutaja ni kizuri kwa nani.

Kuna vyombo vingine ambavyo ubaya wake haukuwa ndani yake, bali katika vitu vilivyofuatana navyo. Mwaka 1975 Sony walileta Betamax, mashine ya kunasia picha za televisheni katika kanda, na mwaka 1976 kampuni ya JVC ikaleta VHS. Kanda ya moja haikuingia katika mashine ya nyingine. Wengi walisema kwamba picha za Betamax zilikuwa safi zaidi, lakini kanda zake za kwanza zilichukua saa moja tu, hali zile za VHS zilichukua saa mbili, na filamu ya sinema haiishi kwa saa moja. Kisha makampuni mengi yakafuata VHS, na maduka ya kuazimisha kanda yakajaza rafu zake kwa VHS. Mwaka 1988 Sony wenyewe walianza kutengeneza mashine za VHS. Mwenye Betamax alibaki na mashine nzima isiyo na cha kutazamwa.

Wala tusisahau kwamba muuzaji naye ana haja zake. Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa globu za taa walikutana Geneva, Uswisi, wakafanya mapatano yaliyoitwa Phoebus. Moja ya mapatano hayo lilikuwa kwamba globu isidumu zaidi ya saa 1,000 za kuwaka, ingawa walijua kutengeneza zilizodumu kuliko hizo. Na kiwanda ambacho globu zake zilipitisha kipimo kilitozwa faini. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyouvunja umoja huo. Silisemi hili kukutia uchungu juu ya kila mwenye duka. Lakini ujue kwamba kuchakaa kwa chombo si kazi ya Mungu na kutu peke yao.

Sasa tuje kwenye simu. Mwaka 2007 yalitukia mambo mawili, na ni vyema kuyaweka bega kwa bega. Mwezi Juni, Marekani, simu ya kwanza ya iPhone iliingia madukani. Yenye nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi iliuzwa dola 599. Mwezi Septemba bei yake ilishushwa ikawa dola 399. Waliokesha nje ya maduka mwezi Juni walighadhibika, hata Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, akawaandikia barua ya kuwaomba radhi na kuwaahidi dola 100 za kununulia bidhaa dukani kwake. Pengo kati ya bei hizo mbili lilikuwa dola 200, na muda uliopita ulikuwa kama siku sabini tu.

Miezi michache kabla ya hapo, Machi 2007, Safaricom walianzisha M-Pesa katika Kenya. Huduma hiyo haikudai simu mpya. Programu yake ilikaa ndani ya kadi ya laini, ikafanya kazi hata katika simu ndogo kabisa, zile zenye tochi kichwani ambazo watu waliziita mulika mwizi. Mama aliyeko Kitui alipokea fedha za mwanawe aliyeko Mombasa kwa simu ambayo kioo chake hakikuwa na rangi. Simu ya iPhone ilikuwa ya ajabu, nami sikatai. Ilibadilisha umbo la simu zote zilizofuata. Hata hivyo, kwa maisha ya Mkenya wa mwaka ule, badiliko lililokuwa kubwa zaidi liliingia katika chombo alichokuwa nacho tayari.

Pengine hatuulizwi tunapenda nini. Mwaka 2015 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa nchini, na kuanzia tarehe 14 Februari vituo vikubwa vya watu binafsi vilitoweka hewani kwa majuma kadhaa. Wako waliodhani kwamba televisheni zao zimekufa. Kumbe kilichohitajiwa ni king'amuzi, kisanduku kidogo cha kuweka kando ya ile ile ya zamani. Na mwezi Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu zao zilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafula. Kisha wakashusha malipo ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Fikiri ni wangapi walikuwa wamekwisha nunua simu mpya kwa ajili ya betri.

Liko jambo moja ambalo king'amuzi wala betri haliwezi kulitibu. Chombo cha leo huishi kwa programu, na programu huhitaji kuzibwa nyufa mara kwa mara wezi wasipenye. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 bila malipo, isipokuwa kwa wale walioandikishwa kupewa muda wa ziada. Kompyuta nyingi zenye programu hiyo ni nzima kabisa, lakini hazina kijisehemu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, kwa hiyo haziruhusiwi kuipokea. Inawezekana kompyuta ya shule yenu ni mojawapo. Shule yaweza kununua mpya. Yaweza kuitia Linux, ambayo haina malipo, na walimu wakajifunza upya. Au yaweza kuikata na intaneti, ikabaki ya kuandikia na kuhesabia tu. Kabla kamati haijakutana, nenda ukaulize hiyo kompyuta yafanya kazi gani tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na ni nani aketiye mbele yake.